Kupunguza Joto la Hewa Iingiayo Kwenye Injini kwa Spesa za Manifoldi na kwa Kuhamisha Njia ya Maji ya Throto

Injini ya petroli huvuta hewa kwa ujazo, lakini kiasi cha mafuta inachoweza kuchoma hutegemea uzito wa hewa hiyo. Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye nyuzi 20 za Sentigredi ina uzito wa takriban kilo 1.2; hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 60 hubaki na takriban kilo 1.06, yaani imepungua kwa asilimia 12 hivi kabla haijafika kwenye silinda. Zaidi ya upungufu huo, hewa yenye joto huongeza hatari ya injini kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda), na kompyuta ya gari hujibu kwa kuchelewesha taimingi ya plagi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, jambo linalopunguza nguvu kwa mara ya pili. Ndiyo maana inafaa kushughulikia joto hili, mradi mtu ajue kwanza linaingilia wapi.

Njia zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni hewa yenyewe, pale filta inapovuta hewa iliyokwisha kupashwa na rejeta na ekzosi chini ya boneti. Ya pili ni chuma: silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, huipa manifoldi ya hewa (mirija inayogawa hewa kwa kila silinda) joto lake moja kwa moja pale vinapogusana. Ya tatu ni maji ya rejeta, ambayo katika injini nyingi hupitishwa kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta), na katika baadhi ya injini hupita ndani ya manifoldi yenyewe. Spesa, yaani bamba la kuzuia joto linalowekwa kati ya hedi na manifoldi, hushughulikia njia ya pili, na kuhamisha mipira ya maji hushughulikia ya tatu. Ikiwa filta yako iko wazi nyuma ya rejeta, anza kwa kuipatia bomba la kuvuta hewa ya nje, kwa sababu hakuna spesa itakayoipoza hewa iliyoingia tayari ikiwa na moto.

Ni haki pia kusema mapema faida iko wapi na haiko wapi. Gari linapokwenda kasi na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, hewa hupita kwenye mirija ya manifoldi kwa muda mfupi sana, hivyo hupokea joto kidogo tu kutoka kwenye kuta zake. Faida ya kweli ya spesa huonekana kwenye foleni, kwenye mwendo wa polepole, na hasa pale gari lililotembea linapozimwa kwa dakika chache kisha kuwashwa tena, kwa maana wakati huo manifoldi imekuwa ikinyonya joto bila hewa yoyote ya kuipoza. Kwa kanuni zinazotumiwa kusahihisha vipimo vya nguvu za injini, tofauti ya nyuzi 10 za hewa huleta tofauti ya nguvu iliyo chini kidogo ya asilimia 2. Hicho ndicho kiasi cha kutarajia, pamoja na kile kitakachorudi kupitia taimingi. Anayeahidiwa zaidi ya hapo kwa kipande cha spesa peke yake hajaambiwa ukweli.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa spana

Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari na uandike mambo manne: joto la hewa iingiayo, joto la maji, taimingi, na masahihisho ya muda mrefu ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza mafuta). Endesha gari kwa dakika 20 hadi injini ifikie joto lake la kawaida, andika vipimo ukiwa kwenye mwendo thabiti, kisha zima injini na uliache gari dakika 10 boneti ikiwa imefungwa. Washa tena, andika joto la hewa papo hapo, halafu endesha na uhesabu ni dakika ngapi zinapita kabla ya kipimo kurudi kilipokuwa. Muda huo ndio kipimo bora kuliko vyote vya kazi hii, na ndio utakaoulinganisha baadaye.

Hakikisha unajua sensa ya joto la hewa iko wapi. Katika magari mengi imejengwa ndani ya sensa ya kupimia hewa karibu na filta, kwa hiyo husoma hewa kabla haijafika kwenye throto wala manifoldi. Utabadilisha kila kitu na namba haitasogea. Katika magari mengine imeskurubiwa kwenye manifoldi yenyewe, na hapo husoma kwa kiasi fulani joto la chuma kilichoishikilia. Kwa sababu hiyo ni vyema kupima pia uso wa manifoldi kwa kipimajoto cha miale. Lakini usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, kwani alumini ya namna hiyo hutoa miale kidogo na kipimo hutoka chini sana ya ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi unaostahimili joto kwenye manifoldi na kingine kwenye mwili wa throto, upime juu ya vipande hivyo kila mara, pale pale.

Hatua ya pili: yajue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi

Hapa ndipo kazi hii hufanikiwa au kuharibika, na ninasihi msomaji asiipite haraka. Watengenezaji hawakupitisha maji ya moto kwenye throto kwa bahati mbaya. Walikuwa na sababu, na sababu hizo hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine.

Sababu ya kwanza ni barafu. Hewa inapopita kwa kasi pembeni mwa kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga throto) kilichofunguka kidogo, shinikizo lake hushuka na joto lake hushuka pia. Kwenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa katika injini zisizo na sindano), petroli inayogeuka mvuke huongeza ubaridi huo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu inaweza kujijenga kwenye kabureta hata wakati hali ya hewa ya nje iko juu kabisa ya nyuzi sifuri. Kwenye throto ya injini yenye sindano za mafuta hatari hiyo ni ndogo zaidi, ila haijakwisha, kwa sababu mvuke unaorudishwa kutoka sehemu ya chini ya injini yenye krenki hubeba maji yanayoweza kuganda juu ya kipepeo. Kipepeo kilichogandia kikiwa wazi ni hatari ya maisha. Kama gari lako hutembea mahali ambapo joto hushuka karibu na kuganda, acha maji ya throto yalivyo, utosheke na spesa.

Sababu ya pili huwapata wengi. Injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina vali ya nta chini ya throto. Injini ikiwa baridi, nta hujikunja na kuacha njia ya hewa ya ziada ili injini ingurume kwa mzunguko wa juu. Maji yanapopata moto, nta huvimba na kuifunga njia ile. Ukiyaondoa maji, nta haitapata joto la kutosha, na injini itabaki ikinguruma juu au itakuwa ikipanda na kushuka bila kutulia. Nilifanya kosa hili kwenye injini ya kwanza niliyoihamishia maji, nikatumia siku mbili kutafuta uvujaji wa hewa ambao haukuwepo. Ili kulijua hilo mapema, tazama kama mipira ya maji inaingia kwenye kijisanduku kilichofungwa chini au kando ya throto badala ya mwili wa throto wenyewe, na usome kitabu cha matengenezo cha injini hiyo. Kabureta zenye choki ya kujiendesha inayopashwa kwa maji zina tabia hiyo hiyo: choki haitafunguka kikamilifu, na injini itaendelea kula mafuta mengi kana kwamba bado ni baridi.

Sababu ya tatu ni kutoa hewa na mvuke. Katika baadhi ya injini mpira mdogo wa throto ndio njia ambayo mapovu yaliyokusanyika sehemu ya juu ya silinda hedi hutokea kuelekea kwenye rejeta. Injini za V8 za General Motors za familia ya LS ni mfano mzuri: katika nyingi za mwanzo, bomba la kutolea mvuke kwenye hedi hupita kwenye throto kabla ya kwenda kwenye rejeta. Mpira kama huo haupaswi kuzibwa kamwe. Unaunganishwa upite kando ya throto, lakini maji lazima yaendelee kutembea.

Kuna njia nyingine ya maji ambayo watu huichanganya na hii, nayo ni ile inayoyarudisha maji kwenye pampu wakati thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto) imefunga. Katika injini kadhaa za V njia hiyo iko ndani ya manifoldi au ni mpira mfupi mnene kati ya manifoldi na pampu. Kazi yake ni kuyazungusha maji ndani ya injini wakati wa kupata moto, ili joto lisambae sawasawa na thamostati iyahisi maji ya moto na kufunguka kwa wakati. Ukiiziba, sehemu moja ya hedi inaweza kuchemka huku thamostati ikiwa bado imezungukwa na maji baridi. Usiiguse.

Fuata basi kila mpira kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho injini ikiwa baridi, na uchore mchoro. Kama mpira unaotoka kwenye throto unaendelea hadi kwenye hita, turbo au kipoza mafuta ya injini, uandike hivyo, kwa sababu kifaa kilicho mbele kinategemea maji yale yale.

Hatua ya tatu: kuhamisha maji ya throto

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo la takriban bari 1 juu ya lile la kawaida, na maji yaliyo chini ya shinikizo hilo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua ghafla hugeuka mvuke usoni mwako. Fungua kifuniko kwanza ili shinikizo lililobaki litoke, kisha punguza maji kidogo hadi yashuke chini ya usawa wa throto. Yakinge kwenye chombo safi chenye mfuniko: kulanti (maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa) yenye ethilini glaikoli ni sumu, na utamu wake huwavuta wanyama na watoto.

Pima kipenyo cha ndani cha mipira miwili ya throto, kisha utafute kiunganishi cha shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu chenye vipenyo hivyo na chenye meno pande zote mbili. Viunganishi vya plastiki vya bustani havifai, na mpira wa petroli pia haufai. Tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya injini. Chomoa mipira yote miwili kwa kuizungusha taratibu, usiivute kwa nguvu, kwani vijibomba vya throto huvunjika kirahisi. Unganisha mpira wa kuingia na wa kutoka kwa kiunganishi chako, kaza klipu, na hakikisha hakuna kona iliyojikunja wala sehemu inayogusa ekzosi au mkanda. Kama mipira ya asili inalazimika kukunjwa sana ili ikutane, weka mpira mmoja mpya mrefu badala ya kiunganishi, na mipira ya zamani uihifadhi ili uweze kurudisha kila kitu siku utakayohitaji.

Puliza maji yaliyobaki ndani ya throto na ufunike vijibomba vyake kwa vifuniko vya mpira ili vumbi na kutu visiingie. Jaza rejeta, weka hita kwenye joto la juu kabisa, washa injini na uache hewa itoke hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Injini ikipoa, ongeza maji. Kagua tena baada ya safari mbili.

Hatua ya nne: kuchagua spesa

Spesa ni bamba lenye matundu yanayolingana na ya gasketi, linalokaa kati ya manifoldi na silinda hedi, au kati ya throto na manifoldi. Umuhimu wake wote uko kwenye malighafi. Alumini inayotumika kwenye injini hupitisha joto mara mia kadhaa zaidi ya bamba la fenoli, ambalo ni karatasi au kitambaa cha pamba kilichoshindiliwa pamoja na resini ya jamii ya Bakelite aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Spesa ya alumini basi haizuii joto hata kidogo, japokuwa huuzwa ikiwa imeng'arishwa vizuri. Chagua ya fenoli, au ya plastiki maalumu ambayo mtengenezaji ameeleza kiwango chake cha joto na kwamba inastahimili petroli na oili. Plastiki za kawaida za kuchapishia vitu nyumbani hulainika kwenye joto la hedi, usizitumie.

Spesa kati ya manifoldi na hedi ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa joto jingi hupitia hapo. Ile ya throto ina maana ndogo ikiwa manifoldi yenyewe bado inachemka. Na kama manifoldi yako ni ya plastiki, kama zilivyo nyingi za magari ya karibuni, mtengenezaji amekwisha kukufanyia kazi hii. Fedha ya spesa itafaa zaidi kwingine.

Unene wa milimita 5 hadi 10 hutosha. Spesa nene zaidi huzuia joto zaidi kidogo, lakini hurefusha mirija ya hewa, hudai bolti ndefu zaidi, na huweza kuifanya manifoldi iguse boneti au ukuta wa nyuma. Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea juu ya manifoldi, funga boneti, kisha fungua na upime unene uliobaki. Utajua nafasi uliyo nayo bila kubahatisha. Kagua pia kama hedi ina tundu la kupitishia moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye manifoldi au tundu la maji, kwa sababu spesa isiyo na matundu hayo itaziba njia inayohitajika, na gari laweza kushindwa kupita ukaguzi wa moshi.

Kwa kabureta hadithi ni tofauti kidogo. Spesa kati ya kabureta na manifoldi husaidia sana kuzuia petroli isichemke kwenye bakuli baada ya kuzima injini, ile hali ya gari kukataa kuwaka likiwa na moto. Lakini manifoldi ya kabureta inahitaji joto kiasi ili petroli isitande kwenye kuta zake kama majimaji, hivyo ipoze kabureta, si manifoldi.

Hatua ya tano: kufunga spesa

Ondoa waya hasi wa betri na ushushe shinikizo la petroli kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza kabla ya kulegeza bomba lolote la mafuta. Piga picha kila mpira na kila soketi. Ikiwa maji hupita kwenye manifoldi, yapunguze kwanza. Legeza bolti kuanzia za nje kuelekea katikati, kidogo kidogo, na manifoldi ikishatoka ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi, maana nati moja iliyodondoka kwenye silinda hugeuza kazi ya siku moja kuwa ya kushusha hedi.

Safisha nyuso kwa kikwangua cha plastiki, si patasi, kisha weka rula iliyonyooka juu ya spesa na manifoldi kutazama kama zimepinda. Tumia gasketi mpya pande zote mbili za spesa. Stadi na bolti lazima ziwe ndefu zaidi kwa unene wa spesa pamoja na gasketi ya pili. Kwenye alumini, bolti iingie kwenye uzi kwa kina kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo chake, bila kugota mwisho wa tundu.

Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, ukianzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, ukiishia kwenye kiwango cha mtengenezaji. Usizidishe: fenoli hupasuka kwenye kingo za matundu. Halafu kuna kiungo kinachosahaulika karibu kila mara, nacho ni mkono wa chuma unaoishikilia manifoldi kutoka chini kwenye bloku. Manifoldi ikishasogea, mkono huo haulingani tena na tundu lake. Ukiulazimisha kwa bolti, utaivuta manifoldi upande mmoja hadi gasketi ivuje au masikio yavunjike. Uongezee washa za unene unaofaa au urefushe tundu lake. Angalia vilevile kwamba kebo ya mafuta, mpira wa sevo ya breki na bomba la petroli havijakaza.

Hatua ya sita: kukagua na kupima upya

Washa injini na uisikilize. Mluzi, mzunguko usiotulia, au masahihisho ya mafuta yaliyopanda juu kuliko ulivyoandika mwanzo ni dalili kwamba hewa inaingia mahali ambapo haijapimwa. Nyunyizia maji yenye sabuni kwenye viungo ukisikiliza kama mngurumo unabadilika. Mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mirija ili uvujaji uonekane, ni bora zaidi kama unaipata. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta, ila dawa hiyo hushika moto juu ya ekzosi ya moto, nami siishauri. Magari yenye throto ya umeme huhitaji pia kujifunza upya mahali pa kufunga baada ya betri kuondolewa, kwa utaratibu ulio kwenye kitabu chake.

Baada ya kupata moto na kupoa mara mbili au tatu, fenoli na gasketi hulala kidogo. Rudia kukaza injini ikiwa baridi, kwa kiwango kile kile, halafu tena baada ya wiki chache.

Sasa rudia jaribio la kwanza siku yenye hali ya hewa inayofanana: dakika 20 za kuendesha, dakika 10 za kuzima, kisha muda wa kurudi. Linganisha vipande vya utepe mweusi vya manifoldi na throto. Kama uso wa manifoldi umepoa lakini sensa ya hewa haijabadilika, rudi kwenye swali la sensa iko wapi. Kama uso umebaki na moto ule ule, tafuta bolti au mkono wa chuma unaopitisha joto, au moshi unaorudishwa ndani ya manifoldi. Na kama vyote viwili vimeshuka ilhali taimingi bado inacheleweshwa, joto lililobaki linatoka kwenye hewa ya chini ya boneti: sogeza mdomo wa bomba la filta mbele ya rejeta, uuzibe mwanya unaouzunguka, kisha upime tena.